Kwa Moraa, Aliyeniuliza Kama Najuta

Moraa binti yangu,

Salamu huwa ni za watu walio mbali, na wewe sasa hivi uko ng'ambo ya kijito tu, kwa shangazi yako, unaombewa. Nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha goti. Goti lenyewe halina neno. Nilitaka kukaa na karatasi hii kabla hamjarudi, maana baba yako akiniona naandika ataniuliza kama sasa nimeanza kutunga vitabu, na kwa jinsi anavyonijua, swali hilo litakuwa la haki kabisa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa lugha yetu ningekuwa nimeshaanza kukukaripia kabla ya mstari wa pili. Kiswahili kinanilazimisha kukaa wima, kama mtu aliyevaa viatu vya kanisani. Mambo ya kula vizuri, kuanika nguo mahali penye macho ya watu, na kumwogopa mtu anayekuita "dada" mara tatu kwa pumzi moja, hayo shangazi yako anakueleza sasa hivi, tena kwa mifano na majina. Mimi nina swali moja tu la kujibu, na limenishinda tangu juzi.

Ulinikuta jikoni namenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Ukaegemea mlango.

"Mama, wewe hujuti?"

"Kujutia nini? Kuolewa?"

"Yaya, hapana, Mama, sicheki. Kuanza kila kitu. Kuchonga, kuimba, netiboli, baiskeli, gitaa, hizo sufu zako. Hungetaka ungechagua kimoja tu ukakishika?"

Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukaniambia umefikiri mpaka kichwa kinauma, na kwamba umeamua hivi: nikisema najuta, utaenda kambini kwa yule kocha wa mbio, nikisema sijuti, utaenda chuoni Kisii. Halafu ukasimama pale ukingoja, kama karani anayengoja sahihi.

Nami mama yako, mtu mzima, nikakuambia, "Ngoja kwanza nitie chumvi." Nikatia. Kwa kuchanganyikiwa nikatia tena. Baba yako alikula ndizi zile zote, akanywa maji jagi zima bila kusema neno. Ukipata mume wa namna hiyo, mshike.

Sasa kesho asubuhi tutakuwa Keroka. Magari ya kupanda Kericho na kuendelea Eldoret, kwa kocha wako, yanapakia upande mmoja wa barabara, ya kuteremka Kisii upande wa pili. Yule kocha alikuambia kwa simu, nami nilisikia maana simu yako inapiga kelele kama redio: "Njoo na miguu yako tu. Hayo mengine yaache kwenu." Kule chuoni utasomea ubunifu wa vitambaa, na jioni utakuwa na nafasi ya gitaa, na voliboli, na kukimbia kwa kujifurahisha. Wiki hii nimekuona ukigawa vitu vyako. Penseli za kuchorea umempa binamu yako, kesho yake ukaenda ukamnyang'anya. Basi najua na wewe umechanganyikiwa. Ulikitoa wapi kichwa hicho, sitauliza.

Basi nijibu. Ndiyo, najuta.

Hapana, ngoja.

Unajua nilizaliwa Tabaka, kwenye mawe. Kwetu, enzi zangu, mwanamume alichonga na mwanamke akasugua. Tulikaa na mabeseni ya maji, mimi na binamu yangu Nyaboke, tukisugua kwa msasa wanyama waliochongwa na kaka zetu mpaka vidole vinakunjamana kama vya wazee. Siku moja nikamwambia kaka yangu nami nataka kuchonga. Akanipa kisu na kipande cha jiwe la waridi kilichobaki. Nilikusudia kiboko. Nilipomaliza, kaka yangu alikizungusha mkononi kwa heshima nyingi, akasema, "Dada, hiki ni kiazi. Lakini ni kiazi kilichoshtuka."

Sikukata tamaa. Nikachonga swala, tembo, hata ng'ombe wetu. Shida ilikuwa masikio. Jiwe lile lina mishipa, na ukilichonga jembamba mahali penye mshipa, linakatika. Mimi sikuwa na subira ya kulitazama jiwe kwanza nijue mshipa unapita wapi. Kwa hiyo wanyama wangu wote walikuwa viziwi. Nilipoanza kuelewa, siku moja nilipotoa bakuli zuri kweli ambalo hata baba alilishika kimya, wiki hiyohiyo nikajiunga na kwaya. Hivyo ndivyo nilivyo. Nyaboke hakujiunga na kwaya. Watu walimsema, mwanamke gani anachonga, naye akaendelea kuchonga.

Nimefikiri sana kwa nini niliacha siku zile, nikapata jibu ambalo silipendi. Mwanzo wa kila jambo una watu. Ukianza, wanakuja kukutazama, wanakucheka, wanakushangilia, unalala ukitabasamu. Mwaka wa pili hakuna mtu. Unabaki wewe na jiwe. Nami kila mara kelele za watu zilipopungua, nilihamia penye kelele. Niliimba alto mpaka watu wakazoea. Nikajifunza gitaa mpaka nyimbo nne. Sweta ya baba yako unaijua. Mkono mmoja nilioufuma nikiwa bado na hamu unafika kwenye vidole, na ule mwingine unaishia kwenye kiwiko. Yeye huivaa na kukunja ule mrefu, akiulizwa anasema ndiyo fasheni.

Kwa hiyo hapo unaweza kuandika: Mama anajuta. Kambini.

Lakini ukiandika hivyo, utakuwa umesahau netiboli ya kituo cha chai.

Nilipoolewa huku Nyansiongo sikumjua mtu. Tulikuwa tukipeleka majani kituoni, tunakaa kungoja lori la kiwanda, kila mwanamke na kikapu chake na shida zake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mimi nikaleta mpira. Tukafunga pete ya waya kwenye nguzo. Baada ya muda mfupi tulikuwa timu mbili, na kina mama waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mipaka ya shamba wakawa wanapasiana mpira na kutukanana kwa mapenzi. Siku moja mechi ilinoga hata hatukukumbuka kuyapindua majani yasipate moto wala kuyasogeza kivulini. Lori lilipofika, karani alitia mkono kwenye kikapu cha kwanza, akautoa haraka.

"Akina mama, mmeleta chai au mmeleta uji? Haya yamechemka!"

Akakataa karibu yote. Tukarudi nyumbani kilima kizima, vikapu vimejaa mgongoni, hakuna aliyekuwa na la kumwambia mumewe. Halafu mmoja wetu nyuma kabisa akasema polepole, "Lakini tumeshinda." Tulicheka mpaka tukatua vikapu chini. Moraa, sikuwahi kuwa mchezaji hodari. Hata kulenga pete nilikuwa nalenga kama mtu anayetupa maji ya vyombo. Lakini wale wanawake ndio walionishika mama yangu alipofariki, nami nikashindwa kuimba. Sauti iligoma kabisa, miezi mingi. Ningekuwa mwimbaji tu, ningekuwa nimekwisha. Nikakaa nao nikifuma sufu bila kujua nafuma nini, mikono ikaniongoza mpaka nikatoka upande wa pili wa huzuni.

Ndiyo maana nilipomsikia kocha akisema miguu tu, niliogopa. Je, miguu ikiuma? Utakuwa nani siku hiyo?

Lakini usiihesabu hoja hiyo. Hiyo ni hofu ya mama tu, imevaa nguo za busara. Mama angeweza kukufungia ndani kwa hoja hiyohiyo.

Sasa nikueleze ya baiskeli, kwa sababu wewe unaikumbuka vibaya. Unasimulia watu kwamba niliruka juu ya ng'ombe. Hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na babu yako, na ingekuwa nafuu awe ng'ombe.

Wewe ulikuwa mdogo, umekaa juu ya ukuta wa zizi ukinishangilia, na ndiyo sababu nilizidisha. Nilikuwa nimevaa suruali ya baba yako ndani ya sketi, nikaichukua ile baiskeli yake nyeusi, nikaanzia getini kuteremka. Wazo langu lilikuwa kwamba mteremko utanifundisha. Ulinifundisha. Breki zilikuwa za jina tu. Nikapita mahindi, nikapita nyumba ya kuku, na pale kwenye kona ya majani ya ng'ombe nikamwona babu anapanda na mkebe wake wa maziwa.

Wewe umekua wakati mambo haya yamelegea, kwa hiyo pengine huoni uzito wake. Mimi na babu yako tulikuwa na chinsoni, ile heshima ya mkwe na mkwe. Mkono wake sikuwahi kuushika. Chumbani kwetu hakuwahi kukanyaga. Tulisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama mlima wake. Na mtu huyo, Tata, baba yangu kwa ndoa, ndiye niliyemfokea, "Tata, toka!"

Alitoka. Aliruka ndani ya majani, mkebe ukaenda zake. Nami nikamfuata kwenye majani yaleyale. Nikatua hatua moja kutoka kwenye viatu vyake, baiskeli juu yangu, suruali ya mwanawe imepasuka mahali ambapo suruali haifai kupasuka.

Babu aligeuka mara moja akatazama ua wa miti, mgongo kwangu.

"Mokamwana," akaniita mkwe wake, kwa sauti ya kuiambia miti.

"Ee, Tata."

"Umevunjika?"

"Sijui, Tata."

"Mimi sikuoni."

"Ndiyo, Tata."

"Wewe uko juu ya baiskeli, au baiskeli iko juu yako?"

"Baiskeli iko juu, Tata."

Akafikiri. Akavua koti lake, akalirusha nyuma bila kugeuka, likaniangukia kichwani. Nikajifunga. Kisha akanyoosha fimbo yake nyuma, vivyo hivyo bila kutazama, na fimbo ikawa inapapasa hewani mpaka nikaishika. Akanivuta kama mtu anayevuta ndama kutoka mtaroni, uso wake bado uko kwenye miti. Niliposimama akaiachilia kwanza, nikabaki nayo mimi. Akaanza kuutafuta mkebe wake. Akiwa ameshaniacha hatua kama kumi hivi ndipo akasema:

"Kesho uanzie kule chini. Anayetaka kuijua baiskeli hupanda nayo. Kuteremka, hata jiwe linaweza."

Jioni wazee wawili wa ukoo walikuja, nyuso zimekunjamana, kuuliza kama kuna jambo linalohitaji kusafishwa kwa desturi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimetega sikio. Nikamsikia babu akiwajibu, "Mimi nimeona baiskeli. Ilikuwa imeanguka." Wakanywa chai, wakaenda.

Nikaanzia kule chini. Nilisukuma, nikapanda, nikaanguka upande, nikasukuma tena. Mwishowe nilikuwa naenda mpaka sokoni Nyansiongo na kurudi bila kushuka, na watoto wa njiani wakaacha kunikimbilia. Umeisikia hiyo? Wakaacha kunikimbilia. Wiki zile ndipo nilipopata gitaa.

Miaka yote iliyobaki ya uhai wake, babu alinisalimu kwa mbali, akaongeza, "Na ile baiskeli?" Nami nikamjibu, "Ipo, Tata." Ilikuwa na pancha. Ilikuwa na pancha mwaka mzima, imeegemea ghala, kuku wanatagia kwenye kikapu chake. Sijui kama alijua. Nadhani alijua. Hakuwahi kupita upande ule wa ghala, na njia yake ya kawaida ilikuwa pale.

Kwa hiyo ukiniuliza ninajutia nini hasa, siyo kwamba sikuwa bingwa wa baiskeli. Nani aliwahi kumwona bingwa wa baiskeli mwenye umbo hili? Najutia kumjibu "ipo" mtu aliyenivuta kwa fimbo.

Hapo nilidhani nimelipata jibu. Nilikuwa nalichemsha kichwani tangu asubuhi nikichuma chai: kuanza vingi siyo kosa, kosa ni kuviacha bila kuviaga. Maneno mazuri. Nikayapenda. Kisha nikamkumbuka Nyaboke, yakaharibika.

Nilimwona mwaka jana kule nyumbani kwenye harusi ya mpwa wetu. Sasa anachonga korongo wenye shingo nyembamba kama kijiti cha kiberiti, na hazikatiki. Analishika jiwe tu, anakuambia mshipa uko wapi. Nilikaa kando yake nikaona wivu mpaka chakula hakikushuka. Nikamwambia, "Nyaboke, wewe ulifanya vizuri. Ulikaa na kitu kimoja."

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi? Mimi sijui hata kuogelea. Sijui kucheza mpira. Habari za baiskeli yako zilipofika huku, nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Nikasema, huyu anaishi, mimi nasugua mawe."

"Lakini hizo shingo, Nyaboke!"

"Hizo shingo ni nzuri," akasema. Hakujisifu, alisema tu kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Nikizichonga sisikii kitu kingine. Hiyo kwako huipati, ee?"

Nikamwambia siipati. Mara moja tu, na lile bakuli.

"Basi na mimi mpira siupati," akasema. Tukakaa pale, wanawake wawili wenye mvi, kila mmoja akiyatamani maisha ya mwenzake, mpaka wakaja kutuita tukate keki.

Unaona shida yangu? Nimemtafuta mtu mmoja aliyekwenda njia ile nyingine ili nimuulize, naye ananiuliza mimi.

Kwa hiyo ninachokijua ni kidogo. Najua mwaka wa kwanza wa karibu kila kitu una ladha gani. Mwaka wa kumi sijawahi kuuonja. Wewe una miguu inayoweza kufika huko. Nilikutazama ukipanda kile kilima cha shule asubuhi, hakuna anayekutazama isipokuwa mimi na mbwa, na hukupunguza mwendo. Mimi katika umri wako nisingekimbia hata hatua moja bila watazamaji. Labda wewe siyo mimi. Nimekutania miaka mingi kwamba u nakala yangu, na sasa naogopa umeniamini.

Lakini pia nilikuona juzi ukimnyang'anya mtoto wa watu penseli.

Ukienda kambini, usiende kwa sababu mama yako ni mfano wa kuogopwa. Na ukienda chuoni, usiende kwa kunionea huruma, ili nisijione nimepoteza maisha. Sijapoteza. Nimeyatumia vibaya mahali fulani na vizuri sana mahali pengine, na siku nyingi siwezi kuyatenganisha. Swali lako nimeligeuza pande zote kama lile jiwe, nami sioni mshipa wake ulipo. Asubuhi najuta. Saa nne nikiwa kwenye chai na wenzangu wananitania, sijuti hata kidogo. Ulitaka neno moja. Sina, mwanangu. Naona aibu kidogo, mtu mwenye mambo mengi hivi kukosa neno moja.

Nasikia mbwa anabweka kwa namna ile ya kuwabwekea watu anaowajua, basi mnarudi. Baba yako anaimba besi. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi lako, na utaiona mapema, maana wewe hupekua mifuko yote kabla ya kulala. Usije chumbani kwangu kuniuliza zaidi.

Kesho nitakwenda nawe mpaka Keroka. Nitakubebea begi mpaka ukingoni mwa barabara, halafu nitageuka niangalie wale wanaouza parachichi. Usije ukazunguka kunitazama usoni. Uso wangu una tabia ya kupiga kura kabla sijauruhusu, na hii kura siyo yangu. Vuka, au usivuke. Ukishakaa ndani ya gari, gari lolote, fungua dirisha uniite kwa nguvu.

Nitageuka nikijua kelele inatoka upande gani.

Mama yako